Peleti za unga wa mbao zisizovunjika: mwongozo kamili kwa karakana za Unguja na Pemba

Peleti, yaani vijiti vifupi vya kuni vya unga wa mbao uliokandamizwa, zikitoka laini, zikapasuka ubavuni, zikawa vumbi ndani ya gunia kabla hazijafika jikoni, wengi hulaumu mashine. Aghalabu kosa limeshafanyika jana yake, pale unga ulipoanikwa, na hewa yetu ya pwani ndiyo inayolificha. Unga unaonekana mkavu, ukiushika unauona mkavu, kumbe bado umebeba maji kuliko peleti inavyoweza kuvumilia.

Maelezo haya ni ya mashine ndogo ya sahani bapa, ambayo rola zake husukuma unga kupita kwenye matundu ya sahani, yenye mota ya kilowati 7.5. Ndiyo karakana nyingi huanza nayo. Vipimo vyote ni vya peleti za milimita 6, za jiko na za tanuri.

## Mahitaji ya kutoa peleti kilo 100

- Unga wa msumeno kilo 110 wenye unyevu wa asilimia 13. Ukianza na unga mbichi wa mti uliokatwa karibuni, wenye unyevu wa asilimia 40, tafuta kilo 160.
- Mashine ya kusagia ya nyundo, yenye chujio la milimita 4 au 5.
- Mashine ya peleti: sahani ya matundu ya milimita 6, rola zake, na mita ya ampea kwenye waya wa mota.
- Mizani ya kilo, na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja.
- Oveni ndogo ya umeme inayoweza kushikilia nyuzijoto 105.
- Maturubai mawili, reki ya mbao, sumaku kubwa, na chekeche ya milimita 3.
- Wavu wa kupozea na feni.
- Mafuta ya kula lita 2 (yaliyokwishakaangiwa yanafaa), pumba laini za mpunga kilo 3, na mchanga laini uliochekechwa nusu kilo. Hivi ni vya kulainishia sahani.
- Magunia yenye mfuko wa plastiki ndani.
- Barakoa, miwani ya karakana na vizibo vya masikio.

Umeme uwe wa fezi tatu. Mota ya ukubwa huu huvuta ampea 15 hivi ikiwa imelemewa kwa kadiri yake. Katika kukandamiza peke yake, bila kusaga, tenga karibu yuniti 10 kwa kila kilo 100.

Tahadhari kabla hujanunua: kilo kwa saa zilizoandikwa kwenye mashine mara nyingi ni za chakula cha mifugo. Kwa mbao, hesabu nusu yake na upangie kazi kwa nusu hiyo.

## Hatua ya 1: Chagua malighafi

Unga wa mbao safi usio na rangi ndio wa kuanzia. Mbao laini za paini zinazoletwa kutoka Bara hushikana kwa urahisi zaidi. Mninga, msaji na mvinje ni ngumu na husuguana sana na matundu, kwa hiyo anayejifunza achanganye nusu kwa nusu na paini mpaka mkono uzoee.

Usitumie kabisa unga wa plaiwudi, wa mbao za kubandikwa, wa mlango uliochunwa rangi, wala wa nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Gundi, rangi na dawa hizo hutoa moshi wa sumu, na baadhi ya dawa za mbao zina aseniki ambayo haiungui. Sehemu yake hubaki kwenye majivu. Katika karakana ya seremala unga huu wote huanguka sakafu moja. Mwombe fundi aweke gunia la peke yake kwa mbao safi, na umlipe kidogo kwa usumbufu huo. Ukizoa sakafuni kila kitu, hakuna chekeche itakayokutengenezea.

Visiwani tuna mabaki mengine mengi, na kila moja lina tabia yake:

Pumba za mpunga. Bonde kama Cheju hutoa pumba nyingi, lakini majivu yake ni asilimia 15 hadi 20, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Pumba hula matundu ya sahani kama msasa. Zisizidi sehemu moja katika tano.

Makonyo ya karafuu. Yaliyokwisha kukamuliwa mafuta, kama yale yanayobaki kwenye mitambo ya Wawi, ni malighafi nzuri yakikauka. Makonyo ambayo bado yana mafuta yake huteleza kwenye matundu na peleti haishiki. Isitoshe, kuyasaga ni kupoteza mafuta yenye bei kubwa kuliko kuni yoyote.

Makumbi ya nazi. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Nyuzi ndefu hujizungusha kwenye rola, na vumbi la makumbi hunywa maji upesi mno. Yakatwe mafupi kabla ya kusagwa, na yasizidi robo ya mchanganyiko. Na makumbi yaliyofukiwa pwani kwa kazi ya usumba yasiingie hata kidogo. Yamelowa chumvi ya bahari kwa miezi, na chumvi hiyo hula bati la jiko na kuyeyusha majivu yakawa mawe. Gogo lililookotwa ufukweni lina kasoro hiyo hiyo.

Vifuu. Viache. Kifuu ni kigumu, huchosha nyundo za mashine, na tayari ni kuni nzuri kama kilivyo, au mkaa mzuri zaidi ukikichoma.

## Hatua ya 2: Chekecha, pitisha sumaku, saga

Ondoa mawe, vipande vya mbao na maganda kwa chekeche pana. Kisha pitisha sumaku mara mbili. Msumari mmoja wa inchi moja ukiingia kati ya rola na sahani unaacha alama isiyofutika, na kila tundu lililopita chini yake litakuwa linaziba daima.

Saga kwa chujio la milimita 4 au 5. Chembe ikiwa kubwa kuliko tundu, inakuwa ufa ndani ya peleti, na hapo ndipo peleti hukatika. Ikiwa laini kama unga wa ngano nayo ni shida, kwani hewa hukosa pa kutokea na mashine hutema vumbi badala ya peleti. Mchanganyiko mzuri una chembe kubwa na ndogo pamoja, nyingi zikiwa kati ya milimita 1 na 3.

Maranda, yaani mikunjo inayotoka kwenye randa, lazima yasagwe hata yakiwa membamba. Usiyamimine yalivyo.

## Hatua ya 3: Unyevu

Ukiwa na muda wa kufanya vizuri hatua moja tu, iwe hii.

Kinachoshika peleti ni lignini, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti. Hulainika kwenye joto la nyuzi 80 na kuendelea, mradi kuna maji kidogo. Maji yakiwa machache, hailainiki na mota inakwama. Yakizidi, hugeuka mvuke ndani ya tundu, na peleti ikitoka nje mvuke huo huipasua. Kwa mashine ndogo na unga wa mbao, lenga asilimia 12 hadi 14.

Mti huvuta na kutoa maji mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 90, jambo la kawaida kwetu asubuhi na usiku, unga hautashuka chini ya asilimia 16 hivi hata ukiuanika wiki nzima. Mchana wa jua kali, unyevu wa hewa ukishuka karibu na 60, unga unaweza kufika 10. Maana yake, unga uliokuwa tayari saa tisa mchana hauko tayari tena alfajiri ya pili yake.

Basi fanya hivi:

1. Tandaza unga kwenye turubai au sakafu ya saruji, unene wa sentimita 3. Usiuanike juu ya udongo wala mchanga: mchanga huongeza majivu na kula sahani.
2. Anika kuanzia saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Geuza kwa reki kila nusu saa.
3. Zoa kabla ya saa kumi jioni, unga ukiwa bado na joto la jua. Anayeanika karafuu anaujua mwendo huu.
4. Tia moja kwa moja kwenye mifuko ya plastiki na uifunge kwa kamba. Gunia tupu la katani au la nailoni halizuii hewa.

Wakati wa masika usitegemee jua. Tumia banda lenye paa la plastiki angavu na feni ya kutoa hewa, au sakafu iliyo karibu na tanuri la mikate, mbali na mdomo wake wa moto.

### Pima, usikisie

Chota unga mahali patano tofauti, changanya, pima gramu 100. Utandaze kwenye sinia, utie kwenye oveni kwa nyuzi 105. Baada ya saa tatu pima, rudisha, pima tena baada ya nusu saa. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kabisa. Ukibaki na gramu 82, unyevu ulikuwa asilimia 18. Gramu 87, unyevu ni 13.

Watu wengi hufinya ngumi: unga ukishikana na kuvunjika vipande viwili vitatu, wanasema uko tayari. Kipimo hicho kinasaidia, lakini hudanganya kwa unga laini, ambao hushikana hata ukiwa mkavu kupita kiasi. Tumia ngumi kila siku, na oveni kila unga unapobadilika au msimu unapobadilika.

### Ukiwa mkavu mno

Toa unyevu ulionao kwenye unyevu unaotaka. Zidisha tofauti hiyo kwa kilo za unga, kisha gawanya kwa 100 kutoa unyevu unaotaka. Mfano: kilo 50 zenye asilimia 9, unataka 13. Tofauti ni 4. Mara 50 ni 200. Gawanya kwa 87. Ni lita 2.3.

Nyunyiza maji ya vuguvugu kwa bomba la kupulizia dawa lililo jipya, huku mwenzako akigeuza. Funika usiku kucha ili maji yaingie ndani ya chembe. Ukiukandamiza pale pale, maji yanakuwa juu ya chembe tu, na sehemu moja ya sahani itatoa peleti na nyingine uji.

Dalili ya kufaulu: vipimo vitatu vya gunia moja havipishani zaidi ya asilimia 1.

## Hatua ya 4: Andaa sahani

Sahani mpya ina matundu yenye mikwaruzo midogo usiyoiona kwa macho. Ukiitia unga mtupu siku ya kwanza, itaziba.

Changanya unga wa mbao kilo 10, pumba laini kilo 3, mafuta lita moja na mchanga laini nusu kilo. Pitisha mchanganyiko huu kwenye mashine, uzoe unaotoka, uurudishe, kwa dakika 40 hadi saa nzima. Mchanga husugua, mafuta hung'arisha. Acha pale matundu yote yanapotoa kwa kasi moja na ukiyamulika kwa tochi yanang'aa. Mchanganyiko huo tupa. Usiuchome jikoni, na usiuchanganye na peleti za kuuza.

Rola ziwe karibu kugusa sahani bila kuigusa. Nafasi ni milimita 0.1 hadi 0.3, unene wa karatasi moja hadi tatu. Zungusha kwa mkono: rola igeuke kidogo kidogo kwa kusuguliwa. Chuma kikigusa chuma, vyote viwili vitakwisha ndani ya wiki chache. Nafasi ikiwa kubwa, unga unalala juu kama zulia na hauingii matunduni.

Kuhusu kina cha tundu, mbao laini hutaka karibu milimita 30 kwa tundu la milimita 6, na mbao ngumu hutaka pungufu, karibu 25. Muulize muuzaji swali hili. Asiyejua jibu lake asikuuzie sahani.

## Hatua ya 5: Kandamiza

Vua kanzu, kunja mtandio, funga kanga isining'inie. Mkanda wa mota haujui nguo na mkono. Kifuniko cha mkanda kibaki mahali pake hata kama fundi anasema kinamzuia.

1. Washa mashine tupu kwa dakika mbili. Sikiliza beringi.
2. Mimina kilo 5 za mchanganyiko wa mafuta, bila mchanga safari hii, mpaka sahani ipate moto. Joto likiwa chini ya nyuzi 70, peleti haitoki. Hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa mapema: dakika kumi za mwanzo hutoka vumbi kwa kila mtu.
3. Anza kutia unga kidogo kidogo, ukiangalia ampea. Mota ya 7.5 ikisoma kati ya 11 na 13, kazi inakwenda. Ikipanda kupita 15, acha kutia mpaka ishuke. Ikiwa chini ya 9 na vumbi linatoka, ongeza.
4. Vumbi linalotoka mwanzoni lirudishe kwenye unga.

Sauti nayo inasema. Mngurumo wa sawasawa ni mzuri. Kugonga kwa kurudiarudia ni msumari au jiwe. Zima mara moja.

### Dalili na sababu

Peleti ina mvuke mwingi, imevimba na kupasuka kwa urefu: unyevu umezidi. Punguza asilimia 2, usiongeze wanga.

Peleti ni fupi, nyepesi, inasagika kwa vidole: unga mkavu mno, au sahani bado ya baridi, au matundu yamechakaa.

Peleti imeungua, nyeusi na inanuka moshi: tundu refu mno kwa mbao ngumu, au unga unaingia polepole kupita kiasi.

Peleti ina nyufa za kupita upande kwa upande: chembe kubwa. Rudi kwenye chujio.

Mchanganyiko wenye makonyo au makumbi ukikataa kushika ingawa unyevu uko sawa, ongeza unga wa muhogo kilo 1 hadi 2 kwa kila kilo 100. Kwa unga safi wa mbao hauhitajiki; anayeutia kwa mbao anaficha kosa la Hatua ya 3.

### Mashine ikiziba

Zima, kata umeme kwenye swichi kuu, ning'iniza kibao kinachoonesha kwamba mtu yuko kazini. Legeza rola, toa sahani. Toboa kila tundu kwa biti ya milimita 5. Usitumie ya 6, kwa sababu inakwaruza ukuta uliokwisha kuung'arisha. Kisha rudia kupitisha mchanganyiko wa mafuta kwa robo saa.

Kuzuia ni rahisi zaidi: kila jioni, kabla hujazima, pitisha kilo 3 za unga wenye mafuta. Mafuta hubaki matunduni usiku, na asubuhi yanasukumwa nje. Unga mtupu uliolala matunduni unakuwa mgumu kama jiwe.

## Hatua ya 6: Poza na chekecha

Peleti hutoka na joto la nyuzi 70 hadi 90, na bado ni laini. Usizibane wala kuzimimina kutoka juu. Zitandaze kwenye wavu, unene wa sentimita 5, na feni ikipuliza kutoka chini kwa dakika 15 hadi 20. Lignini hukaza zikipoa, na kiasi cha maji hutoka wakati huo huo.

Zikifungwa zikiwa na moto, jasho hukusanyika ndani ya mfuko na baada ya wiki utakuta ukungu mweupe. Zikishapoa, chekecha kwa wavu wa milimita 3, na vumbi lirudi kwenye unga wa kesho.

## Hatua ya 7: Pima kabla ya kuuza

Maji. Tia peleti kwenye glasi. Nzuri huzama papo hapo. Inayoelea haikukandamizwa vya kutosha.

Ndoo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa, bila kushindiliwa, iwe na kilo 12 au zaidi. Kiwango cha kimataifa cha peleti za mbao, ISO 17225-2, hutaka angalau kilo 600 kwa mita moja ya ujazo, ambayo ndiyo hesabu hiyo hiyo. Unyevu usizidi asilimia 10.

Uimara. Tia gramu 500 zilizochekechwa kwenye debe lenye kifuniko, libiringishe kwa mwendo mmoja kwa dakika 10, chekecha, pima zilizobaki. Ukipata gramu 485 na zaidi, peleti zitavumilia boti ya kwenda Pemba na gari la kuzipeleka Wete. Ukipata chini ya 470, zirudishe zisagwe upya. Kipimo cha debe si cha maabara, lakini hukuonesha wazi tofauti ya unga wa juzi na wa leo. Andika matokeo kwenye daftari pamoja na unyevu wa unga wa siku hiyo.

## Hatua ya 8: Hifadhi

Peleti iliyoloa haikauki ikarudi kuwa peleti; huvimba na kuwa unga. Funga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gunia, panga juu ya mbao sentimita 10 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa mawe unaotoa jasho.

Chumba kiwe na madirisha mawili yanayopitisha upepo, na mtu asilale humo. Peleti, khasa mpya, hutoa hewa ya kabonimonoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na katika ghala kubwa lililofungwa imeshaua watu huko Ulaya. Vumbi lililotanda kwenye kenchi nalo huwaka kwa mlipuko likitifuliwa karibu na cheche. Fagia kila siku.

## Kuzitumia

Jikoni. Usizitie kwenye seredani ya mkaa. Zitapenya kwenye wavu wake, na zinazobaki zitatoa moshi wa kuliza nyumba nzima, kwa sababu gesi ya mti haipati hewa ya pili juu yake ili iungue. Zinataka jiko la peleti lenye tundu za hewa juu na chini, na aghalabu feni. Jaza mpaka chini kidogo ya tundu za juu, washa kutoka juu kwa vipande vya makumbi makavu, na funika kwa sufuria moto ukishashika duara lote. Moto mzuri hauna moshi na sufuria haichafuki sana.

Tanuri na boila. Kilo moja ya peleti ina megajuli 16 hadi 17. Lita moja ya dizeli ni karibu 36. Mwenye tanuri la mikate au boila ya kufulia hoteli ahesabu basi kilo 2 hadi 2.3 za peleti kwa kila lita ya dizeli anayoiacha, kisha aongeze gharama ya kutoa majivu. Ukilinganisha na gesi ya mtungi, kilo moja ya gesi ni karibu kilo 2.7 za peleti.

Boila inayolishwa kwa parafujo hutaka peleti za urefu usiozidi milimita 40. Ndefu hujipanga kama kuni na kuziba mdomo. Rekebisha kisu kilicho chini ya sahani mpaka nyingi ziwe kati ya 15 na 25. Na kwa boila, usitie pumba wala makumbi: majivu yake huyeyuka kwenye joto kali na kuganda kama kioo juu ya chanja, na kuyang'oa ni kazi ya nyundo na patasi, boila ikiwa imezimwa siku nzima.

Banda la kuku. Peleti za mbao tupu, zilizotengenezwa baada ya mafuta ya asubuhi kuisha matunduni, ni matandiko mazuri. Mwaga unene wa sentimita 3, nyunyizia maji kidogo, zitavimba na kuwa unga laini unaonyonya. Mbao zilizotiwa dawa ni hatari kwa kuku kama zilivyo hatari jikoni.

Mashine hiyo hiyo inaweza kutengeneza chakula cha kuku na mbuzi, lakini nunua sahani nyingine kwa kazi hiyo, yenye tundu fupi zaidi, na isafishe mashine yote kwa pumba safi kilo 10 kabla ya kuanza. Pumba hizo za kusafishia zitie kwenye unga wa kuni, usimpe mnyama.